Kalipa ya Benzi ya zamani: kabla ya kununua mpya, tazama mfereji

Mzee mmoja wa Lushoto aliniletea Mercedes 240D yake, ile ya toleo linaloitwa W123, akilalamika kwamba gurudumu la mbele kulia linanuka kuungua kila akiteremka. Akifika Soni ni harufu, akifika Mombo ni moshi. Fundi wa huko alishamwambia kalipa, yaani kile kibano ambacho pistoni zake husukuma pedi za breki kwenye diski, imekufa, anunue mpya. Bei aliyotajiwa ndiyo iliyomleta kwangu Tanga.

Kalipa ya chuma cha kumimina haifi kirahisi hivyo. Kabla ya kuihukumu, pandisha gari jeki, kanyaga breki, achia, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza nipeli ya kutolea upepo. Gurudumu likilegea papo hapo, kalipa haina kosa: kuna presha iliyonaswa njiani. Mara nyingi mkosaji ni hozi ya mpira. Nje inaonekana nzima, lakini ndani imevimba mpaka tundu limebaki jembamba. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta ya breki kwenda, ila hakuna wa kuyasukuma kurudi. Ili uwe na uhakika, rudia jaribio kwa kulegeza nati pale paipu ya chuma inapokutana na hozi. Gurudumu likilegea hapo pia, hozi iachie, kaangalie masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedeli. Nimeona watu wakinunua kalipa mbili kwa ajili ya hozi moja.

Kwa gari la mzee, nipeli ilifunguliwa, mafuta yakatoka meusi kama kahawa ya barazani, na gurudumu halikutikisika. Basi pistoni yenyewe ilikuwa imeng'ang'ania.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fundi anafungua, anatoa sili ya zamani, anaweka mpya, anafunga. Miezi michache baadaye gari linarudi na ugonjwa uleule, na sili inalaumiwa kuwa feki. Pengine si feki. Ndani ya kalipa kuna mfereji mwembamba uliochongwa kuzunguka tundu la pistoni, na sili hukaa humo. Sili hiyo ina kona nne, si duara kama raba ya bomba, na kazi yake si kuzuia mafuta tu. Ukikanyaga breki, pistoni inasogea na sili inapinda kuifuata bila kuteleza. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, sehemu ndogo tu ya milimita. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Ni ule mpira peke yake.

Sasa kutu ikijijenga nyuma ya sili, mfereji unapungua kina. Sili inabanwa dhidi ya pistoni, inakosa nafasi ya kupinda, na pistoni inabaki ilipo. Ukiweka sili mpya juu ya kutu ileile, umebadilisha mpira tu. Mimi huchukua muda mrefu kwenye mfereji kuliko sehemu nyingine zote: kijiti cha mbao ngumu kilichochongwa ncha bapa, spiriti, kitambaa, narudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bisibisi sitaki kuiona karibu. Mkwaruzo mmoja wa kuvuka mfereji unatosha kuvujisha.

Kuta za tundu lenyewe zikiwa na madoa ya kutu, usiogope sana. Kwenye masta silinda sili hutembea na kusugua ukuta, kwa hiyo ukuta lazima uwe kioo. Kwenye kalipa ni kinyume: sili imetulia, inayosuguliwa ni pistoni. Kwa hiyo pistoni ndiyo ya kukaguliwa. Pitisha ukucha juu ya kromu. Ukikwama kwenye kishimo, pistoni hiyo ni ya kutupa. Kuna wanaoipeleka kwa fundi wa kukereza aipunguze kidogo. Usifanye. Sili imetengenezwa kwa kipenyo maalumu, na kwenye W123 pistoni za mbele zenyewe zipo za milimita 57 na za 60, hivyo pima na usome maandishi ya kiwandani kwenye kalipa, kama mtengenezaji ni ATE au Bendix, kabla ya kuagiza chochote. Magari haya yalitengenezwa karibu milioni 2.7 hadi 1986, na sili zake bado zinapatikana.

Kutoa pistoni, tumia pedeli ya gari lenyewe kabla ya kufungua hozi. Kalipa hii ina pistoni mbili zinazotazamana, na moja ikitoka kabisa presha yote inakimbilia hapo, ya pili inabaki inakucheka. Zuia iliyo laini kwa kipande cha ubao, iache ngumu isogee, kisha badilisha. Upepo wa kompresa nautumia mwishoni tu, kidogo kidogo, na vidole mbali. Zile nusu mbili za kalipa usizitenganishe kama hapavuji katikati.

Petroli, dizeli na mafuta ya taa visiguse sili. Nilipokuwa mwanagenzi nilipaka grisi ya beringi ili pistoni iingie laini, na kweli iliingia laini. Siku chache baadaye sili zilikuwa zimevimba kama andazi lililochovywa chai, na bosi wangu akanikata mshahara. Paka mafuta mapya ya breki, sukuma kwa dole gumba. Ikidai nyundo, toa, umekosea mahali.

Mafuta yenyewe hunywa maji kutoka hewani, na huku pwani yana cha kunywa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya kabisa huchemka kuanzia nyuzi 230; yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. Kwenye kona za kuteremka Mombo tofauti hiyo ndiyo pedeli inayozama hadi sakafuni. Na maji hayohayo ndiyo yanayozaa kutu kwenye mfereji. Badilisha kila baada ya miaka miwili.

Kutoa upepo huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda; vitabu vya Wajerumani, ambao usukani wao uko kushoto, huanza nyuma kulia. Gari letu usukani uko kulia na masta silinda iko upande huo, kwa hiyo gurudumu la mbali ni la nyuma kushoto. Anzia hapo.

Kalipa za mbele nilizifungua zote mbili, ingawa iliyolalamikiwa ni moja. Ya kushoto ilikuwa njiani kuharibika. Pistoni moja tu ndiyo tuliyonunua, pamoja na sili, raba za vumbi, hozi na mafuta. Mzee alinipigia kutoka Mombo: ameshuka, amegusa rimu zote, joto la mbele ni sawa kulia na kushoto. Kisha akaniuliza kama breki ya mkono nayo ninaiweza.