Je, wajua kwa nini kasri la zaidi ya miaka 3,000 lina nguzo za zege?

Ukifika Knossos, lilipo kasri hilo, kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Heraklion katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, utakuta nguzo nyekundu zimesimama wima, rangi imekolea, na nyuma yake picha ya fahali akitimka mbio. Nguzo hizo hazina hata miaka 150.

Waminoa, watu wa kale wa Krete waliolijenga kasri hilo, walijenga kwa mawe na mbao. Nguzo zao zilikuwa magogo, nene juu na nyembamba chini. Kasri lilipoungua, mengine yaliteketea, yaliyosalia yakaoza. Mwingereza Arthur Evans, aliyeanza kuchimba Machi 1900, alikuta vipande vilivyogeuka makaa na misingi ya mawe. Rangi na umbo alivipata kwenye michoro ya ukutani.

Kilichomtoa jasho ni ngazi kuu, upande wa mashariki. Ghorofa zake zilikuwa zimeshikiliwa na kifusi kilichojaa pale palipokuwa na mbao. Ukikitoa, zinaporomoka. Evans akaegemeza mihimili ya mbao, lakini mvua za Krete zikaiozesha. Akajaribu vyuma, gharama ikamwelemea. Miaka ya 1920 akaingia kwenye zege la nondo, na hapo mkono ukamzidi: akajenga hata vyumba vya juu ambavyo vilikuwa vimeshaanguka kitambo.

Kwenye ngazi namtetea. Bila yeye tusingekuwa nayo. Michoro ni kesi nyingine. Wachoraji wake, Émile Gilliéron na mwanawe, walijazia mapengo makubwa kuzunguka vipande vidogo. Vipande fulani viliunganishwa vikatoa kijana wa rangi ya buluu akichuma zafarani. Wataalamu wa baadaye walipoviangalia upya, kumbe ni tumbili!

Unapotembelea, basi, tazama vitu vya chini kwanza. Kiti cha enzi cha jasi, chenye mgongo wa mawimbi, ni chenyewe, kipo pale kilipofukuliwa. Picha za ukutani pembeni yake ni nakala. Vipande halisi viko makumbusho ya Heraklion, na kwa karibu utaona wazi ya kale yanaishia wapi na ya Gilliéron yanaanzia wapi.

Anayetaka magofu yasiyojengewa sana aende Phaistos, kusini mwa kisiwa, walikochimba Waitaliano. Ila abebe kofia, kivuli ni haba.