Homa imekwisha, damu bado: maswali ya mwendesha baiskeli wa Tanga

Anayeuliza ni mkazi wa Chumbageni, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mtu wa ofisini ambaye Jumapili huondoka mapema na wenzake kuelekea Muheza kwa baiskeli za gia. Aliugua malaria kali, akalazwa, akachomwa sindano za atesuneti, kisha akamalizia vidonge vya mseto nyumbani. Sasa ni wiki ya pili tangu atoke wodini na anataka kurudi barabarani. Wanawake wanaoendesha nao wamo katika majibu haya. Pale vipimo vinapotofautiana nimetaja.

Daktari, homa imekwisha, nakula na kulala vizuri. Mbona juzi nilipojaribu kwenda Raskazone moyo ulinienda mbio na miguu ikaisha nguvu, na njia yenyewe ni tambarare?

Kwa sababu homa hutangulia kuondoka, hasara iliyoleta hubaki nyuma. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huzaliana humo, kisha huipasua. Hayo wengi tumefundishwa tangu shule ya msingi. Lisilosemwa sana ni kwamba bandama, ambayo wengine huiita wengu, huondoa pia chembe nyingi ambazo hazikuwahi kuingiwa na kimelea chochote. Uboho wa mifupa nao, ambao ndio hutengeneza damu mpya, hufanya kazi kwa kusuasua muda wote wa ugonjwa. Kwa hiyo damu inaweza kuendelea kupungua siku kadhaa baada ya dawa kuua vimelea. Mtu anajipima joto, anaona 36.8, anajitangaza mzima, kumbe wiki hiyohiyo ndiyo damu yake iko chini kuliko siku aliyolazwa.

Chembe nyekundu ndizo hubeba oksijeni. Ukiwa umekaa barazani, zilizobaki zinakutosha na hutajua kama zimepungua. Ukianza kukanyaga pedeli, misuli ya mapaja inadai oksijeni mara nyingi zaidi, na moyo unalazimika kuongeza mapigo ili kuzungusha haraka damu ileile kidogo. Ongeza na siku ulizolala kitandani: maji ya damu hupungua ndani ya siku chache tu, na baada ya wiki mbili bila mazoezi pumzi ya mwanamichezo huwa imeshaanza kushuka. Usijilaumu kwa uvivu, basi. Nenda kapime wingi wa damu, kile kipimo wauguzi wanachokiita HB. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mzima akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, ana upungufu wa damu. Kwangu mimi kipimo hicho kinatangulia kila kitu, hata kujaza upepo kwenye tairi.

Mwili ukipona huanza kutoa chembe mpya ndani ya siku chache, lakini kujaza pengo lote huchukua wiki kadhaa. Hakuna sindano ya vitamini inayofupisha safari hiyo, hata kama duka la dawa la mtaani kwako linaiuza.

Waliponiruhusu walisisitiza nirudi kupima damu, na wakaniambia niangalie rangi ya mkojo. Kama nimepona, kwa nini?

Kwa sababu ya dawa yenyewe iliyokuokoa. Atesuneti ya sindano huua vimelea haraka sana vikiwa bado ndani ya chembe nyekundu, na bandama huvitoa vimelea hivyo vilivyokufa bila kuivunja chembe. Chembe hubaki kwenye mzunguko, lakini maisha yake yamekatwa. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi; hizi hufa mapema, na kwa baadhi ya wagonjwa hufa kwa wingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya matibabu. Aliyekuwa na vimelea vingi sana ndiye yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka wodini na damu 10, akajisikia vizuri, kisha wiki ya pili akashuka hadi 7.

Hili halikufanyi uikatae sindano hiyo. Kwa malaria kali ndiyo dawa ya kwanza, na inaokoa watu wengi kuliko kwinini. Linakutaka urudi kupima wiki ya kwanza, ya pili na ya nne. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, macho yakigeuka manjano, au ukihema kwa kupanda ngazi tu, rudi hospitali siku hiyohiyo. Mazoezi makali katika kipindi hiki sikubaliani nayo kabisa, hata kama HB ya wiki iliyopita ilikuwa nzuri.

Mke wangu amesikia kwamba nikianguka na baiskeli bandama itapasuka. Ni kweli au ni vitisho?

Mkeo hajakosea. Ni nadra, lakini hutokea. Bandama imejificha chini ya mbavu za kushoto, na wakati wa malaria huvimba na kuwa laini. Ncha ya usukani ikikupiga ubavuni, au ukiangukia upande huo, inaweza kupasuka na kuvuja damu tumboni. Ndiyo maana wiki hizi za mwanzo umbali haunitishi kama kuanguka unavyonitisha: mashimo, mchanga pembezoni mwa lami, bodaboda anayekukatia mbele, na ule mtindo wenu wa kufuatana gurudumu kwa gurudumu. Endesha peke yako au na mwenzako mmoja mkiachiana nafasi.

Kabla ya hapo daktari apapase tumbo lako. Kama bandama bado inashikika mkononi, au hana uhakika, upigwe altrasaundi, Bombo au hospitali nyingine yenye mashine hiyo. Ukisikia maumivu chini ya mbavu za kushoto yanayopanda hadi bega la kushoto, pamoja na kizunguzungu au jasho baridi, nenda hospitali mara moja hata kama hukuanguka. Mwenye nafasi ya kuingia jimu atumie baiskeli ya mazoezi ya ndani, haina mashimo.

Nitajuaje kwamba siku ya leo nafaa kuendesha?

Hesabu mapigo ya moyo asubuhi, kabla hujainuka kitandani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba na uhesabu dakika 1 nzima. Andika. Kama unakijua kiwango chako cha zamani, tuseme 58, na leo umeamka na 70, pumzika. Kama hukuwahi kujipima, anza sasa. Baada ya wiki moja utaona namba zako zinakoelekea, na mwelekeo huo una maana kuliko namba ya siku moja. Pima joto pia. Kila nyuzi 1 ya homa huongeza mapigo kama 10 kwa dakika, kwa hiyo mara nyingi mapigo yatakushtua kabla hujajisikia mgonjwa.

Ukiwa barabarani kipimo ni mdomo wako. Uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukibaki unajibu kwa neno mojamoja, umezidisha. Saa za kisasa za mkononi zinasaidia, ila nimeona watu wakiiamini saa huku uso umewapauka.

Kifua kubana, moyo kurukaruka au kuona giza: shuka, kaa chini, na usiendeshe tena mpaka uonwe na daktari.

Basi nianzie wapi? Wenzangu wanapanga kwenda Pangani mwezi huu.

Pangani ni kilomita 50 hivi kwenda tu. Waache waende.

Damu ikiwa chini ya 10, tembea kwa miguu, jioni, dakika 15 hadi 20, na uishie hapo. Ikiwa kati ya 10 na kiwango cha kawaida, na bandama imeshakaguliwa, endesha kwa upole siku moja na kupumzika siku inayofuata, dakika 20 au 30, gia nyepesi, katikati ya mji palipo tambarare. Barabara za Ngamiani zimenyooka na kukatana, ukichoka kona ya nyumbani haiko mbali. Damu ikishafika kawaida na wiki ya nne imepita salama, ongeza muda kwanza, kasi baadaye, milima mwisho kabisa. Amboni na kurudi ni zoezi zuri la kati. Njia ya Muheza, kilomita 35 hivi, hupanda polepole kutoka usawa wa bahari, na kupanda polepole huko ndiko hudanganya: hujioni unapanda, lakini mapigo yanaona. Wengi walioumwa malaria kali wanahitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya kuifurahia tena. Kama safari moja imekuchosha hadi kesho yake jioni, inayofuata iwe fupi kuliko hiyo, si sawa nayo.

Nyumbani wananipa rozela na soda nyekundu ili damu iongezeke. Zinasaidia?

Soda nyekundu ni sukari na rangi, basi. Rozela si mbaya, lakini wekundu wake hauendi kuwa damu. Kinachotakiwa ni madini ya chuma, protini na folati. Chuma kinachofyonzwa kirahisi kimo katika nyama, maini na samaki, na dagaa wanaoliwa wazima ni chakula cha maana kwa bei ya mtu wa kawaida. Maharage, kunde, mchicha na kisamvu vina chuma pia, ila mwili hukifyonza kwa shida mpaka ukisaidie kwa vitamini C. Hapa mtu wa Tanga ana bahati: machungwa ya Muheza. Kula chungwa pamoja na mlo, au kamulia ndimu kwenye mboga.

Chai ndiyo tatizo letu. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu kubwa ya chuma cha kwenye mboga na maharage. Sikwambii uache, najua haitawezekana. Iachanishe na mlo kwa saa 1 au 2. Vidonge vya chuma meza kwa maelekezo ya daktari. Wakati maambukizi bado ni makali mwili hukifungia chuma na hakifiki kwenye uboho, kwa hiyo kujimezea mapema hukuletea choo kigumu na faida ndogo.

Kwenda kazini kwa baiskeli nako ni mazoezi?

Ndiyo, moyo hautofautishi ofisi na mashindano. Kwa sasa panda daladala au bajaji. Utakapoanza, usimpakie mtu nyuma.

Naweza kumeza diklofenaki kabla ya safari ili viungo visiume? Na vinywaji vya kuongeza nguvu?

Hapana kwa vyote viwili. Diklofenaki na ibuprofeni, mwili ukiwa umekauka kwa jasho, huzibana figo, na figo zako zimetoka kwenye malaria kali. Maumivu yakizidi tumia parasetamoli na uahirishe safari. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini. Vitakuficha uchovu ambao ndio taarifa tunayoitafuta.

Kunywa maji. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo kuliko inayotoka kwenye jasho, kwa hiyo ukiendesha zaidi ya saa 1 yaambatane na kitu chenye chumvi. Na joto la pwani usilidharau: mwili uliozoea kuendesha juani hupoteza mazoea hayo ndani ya wiki chache za kukaa ndani, na huchukua kama wiki 2 kuyarudisha. Anza kukipambazuka na uwe umerudi kabla ya saa 3 asubuhi.

Nilipima tena malaria kwa kile kipimo cha haraka cha kidole, bado kinaonyesha ninayo. Nianze dawa upya?

Usianze. Kipimo hicho hutafuta protini ya kimelea, si kimelea chenyewe, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa mtu aliyetibiwa karibuni, kinachofaa ni damu kutazamwa kwa darubini.

Ila homa ikirudi kweli ndani ya siku 28, nenda hospitali na uwaambie tarehe na dawa ulizotumia, kwa sababu huenda ukahitaji dawa tofauti. Waambie pia kama vidonge vya mseto ulivimeza bila chakula. Lumefantrini iliyomo hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta kidogo, hata kikombe cha maziwa, na dozi ya mtu mzima ni vidonge 4 mara 6 katika siku 3, si mpaka homa itulie. Na si kila homa ni malaria. Mwaka 2019 dengi ilipolipuka Dar es Salaam, Tanga nayo iliguswa. Mbu wake huuma mchana, na mwenye dengi hatakiwi kumeza aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa sababu ya hatari ya kutoka damu. Kwa hiyo hata ukiwa na uhakika kwamba ni malaria ileile, pimwa kwanza ndipo umeze.