Kumshuhudia Kristo kwa mjomba na kwa rafiki wa karibu

Mimi ni mwinjilisti wa Kanisa la Anglikana hapa Masasi, na katika madarasa yangu hakuna swali linalorudi mara nyingi kama hili: kwa nini ni rahisi kuhubiri kijiji cha jirani kuliko kumweleza ndugu wa damu habari za Yesu? Injili yenyewe haifichi ugumu huo, kwa maana Yohana 7:5 inasema wazi kwamba hata nduguze Yesu hawakumwamini. Ndugu wanakujua tangu utotoni. Wanakumbuka deni ulilokataa kulipa na maneno uliyomjibu mama yako, kwa hiyo ukinena habari za toba watatazama kwanza kama imekugusa wewe mwenyewe.

Kwetu kusini mwa Tanzania kuna pia jambo la ukoo. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa, misiba na jando. Kijana anayemhubiria mjomba kama mwalimu anayemfundisha mwanafunzi huwa amevunja adabu kabla hajalitaja jina la Yesu. Kanisa la Masasi lilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani, ambao wengi walikwisha kutengwa na koo zao, lakini Injili ilipoingia kwa wenyeji ilikuta ukoo uko imara na wazee wake wamekaa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, alilielewa hilo vizuri, akaandaa jando lenye sala na mafundisho ya Kikristo badala ya kuwatenga vijana na desturi ya wazee wao. Naamini alifanya sawa.

Mimi nilijifunza kwa kukosea. Katika msiba wa bibi yangu nilisimama mkekani, mbele ya jamaa ambao nusu yao ni Waislamu, nikahubiri juu ya hukumu. Mjomba wangu, ambaye ni Mwislamu, hakunijibu neno, ila kwa misimu miwili sikuitwa tena katika kikao cha ukoo. Nilipokwenda kumwomba radhi sikuchukua Biblia. Nilimwamkia, nikakiri kosa langu, na kuanzia hapo kila msimu nikawa nakwenda kumsaidia kuokota korosho. Nikipeleka kuku, namwachia yeye amchinje ili nyumba nzima ile pamoja.

Msimu wa tatu tulikuwa tumekaa chini ya mkorosho tukitenganisha korosho na mabibo, mikono inanata kwa maji ya mabibo, akaniuliza bila kuinua macho: “Mpwa wangu, wewe ulikuwa mtu wa hasira sana. Nani alikutuliza?”

Swali la namna hiyo ndilo linalozungumzwa katika 1 Petro 3:15, panapotutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Jibu langu lilikuwa fupi. Nilimsimulia usiku nilioomba msamaha wa Mungu baada ya kumpiga mdogo wangu, kisha nikamweleza habari za yule mtu wa nchi ya Wagerasi katika Marko 5, ambaye alitaka kufuatana na Yesu akaambiwa arudi nyumbani kwa watu wa kwao, awaeleze mambo makuu aliyotendewa na Bwana. Tuangalie vizuri agizo lile: hakutumwa kuwashinda jamaa zake kwa hoja, wala kuisema vibaya dini ya mtu; alitumwa kueleza rehema aliyoipata.

Kwa rafiki wa karibu mlango ni mpana zaidi, kwa kuwa hakuna cheo cha ukoo kati yenu, na Kornelio katika Matendo 10:24 aliwakusanya jamaa na rafiki zake nyumbani kwake kabla Petro hajafika. Hata hivyo omba ruhusa kwanza, na akikataa urafiki uendelee vilevile.

Mjomba bado anakwenda msikitini kila Ijumaa, nami namtaja katika sala kila asubuhi, nikikumbuka kwamba nduguze Yesu, ambao hapo kwanza hawakumwamini, wanaonekana katika Matendo 1:14 wakidumu katika kusali pamoja na mitume. Msimu uliopita aliniomba nimsimulie tena habari za yule mtu wa Wagerasi, na safari hii alikuwa amewaita wanawe wasikilize.