Draivu ya diski inayogoma kusoma: mara nyingi si mbovu

"Imekufa hii, inakoroma tu, haisomi." Kwa kauli hiyo draivu nyingi nzima hutupwa, na pamoja nazo hupotea picha na kazi za miaka zilizobaki kwenye CD na DVD. Ukweli ni kwamba mara nyingi kinachokosekana ni umeme. Draivu nyembamba ya nje, ile ya kusomea CD na DVD, haina chaja yake. Inategemea tundu la USB peke yake. Kwa kawaida tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500, la USB 3.0 hadi 900, na mota inapoanza kuizungusha diski inaweza kutaka zaidi ya hapo. Ndipo utaona taa inawaka, diski inazunguka kidogo, inasimama, kisha inaanza upya.

Kwa hiyo iondoe kwanza kwenye habu (kifaa kinachogawa tundu moja la USB kuwa mengi) isiyo na umeme wake, uichomeke moja kwa moja kwenye laptopu kwa kebo fupi. Ikiwa kebo ina vichwa viwili vya USB, chomeka vyote. Hicho cha pili, ambacho wengi hukiacha kikining'inia, kazi yake ni kuongeza umeme.

Wapo wanaoamini kuwa laptopu yenye matundu ya USB-C pekee haiipokei draivu ya zamani. USB-C ni umbo la tundu. Adapta ndogo inatosha. Wala usihangaike kutafuta programu endeshi (driver) ya draivu, kwani Windows, macOS na Linux huzitambua draivu za kawaida zenyewe. Apple USB SuperDrive, draivu ya DVD ya Apple, ndiyo ya kuangalia, maana ilitengenezwa kwa ajili ya Mac.

Kununua draivu ya USB 3.0 ili DVD isomwe haraka? Hakusaidii. DVD kwa kasi ya 8x hutoa takriban megabaiti 11 kwa sekunde, na USB 2.0 inazibeba bila shida.

Mafaili yakifunguka lakini filamu ikakataa, draivu haina kosa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows haiji na kichezeshi cha filamu za DVD. Weka VLC, kichezeshi cha bure. Blu-ray ni habari nyingine: draivu ya DVD haina leza ya kuisomea, na hakuna programu itakayoipa.

Ukiulizwa kubadili eneo la DVD (namba ya sehemu ya dunia ambayo diski imekusudiwa), usibonyeze ovyo. Draivu nyingi huruhusu mabadiliko 5 tu, kisha hujifunga kwenye eneo la mwisho ulilochagua.