Je, wajua? Kwenye gofu hesabu yako anaandika mpinzani wako

Kuna jamaa pale kijiwe cha kahawa Ngamiani alitupia swali watu wakabaki wanaangaliana, hivi kwenye gofu refa yuko wapi? Maana sisi wa Tanga tumezoea Mkwakwani, Coastal ikicheza refa yupo, washika vibendera wapo, kamisaa yupo, na bado watu wanatoka pale wanabishana mpaka Barabara ya 12. Sasa hawa wa gofu unawaona kwenye tivii mtu anatembea na begi lake, anapiga anafata mpira, anapiga tena anafata mpira, hakuna anayepuliza filimbi, halafu mwisho wa siku unaambiwa fulani kashinda kwa mkwaju mmoja, yani kaupiga mpira mara moja pungufu ya mwenzie, maana kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo mshindi. Huo mkwaju mmoja nani kauhesabu?

Jibu ni kwamba marefa wapo ila hawakai na wewe. Uwanja wa mashimo 18 (shimo ni kipande kizima, kuanzia unapopigia mpira wa kwanza mpaka kwenye tundu lenye bendera) unakula hekta hamsini, sitini na kuendelea, na siku ya mashindano wanaweza kuwa watu mia na zaidi wametawanyika humo kwenye makundi ya watatu watatu au wanne wanne, kila kundi liko shimo lake, sasa ukisema kila kundi liwe na refa wake utatoa wapi watu wote hao. Kwahiyo wakafanya kitu cha ajabu kidogo, kabla ya kuanza kila mtu anapewa kadi yenye jina lake halafu mnabadilishana. Ya kwangu unashika wewe, ya kwako nashika mimi au yule wa tatu. Yani mtu unayeshindana naye, ambaye ukianguka yeye anafaidika, ndo huyohuyo anakuandikia.

Kadi yenyewe ni kikaratasi kigumu cha kukunja, kinaingia mfuko wa nyuma wa suruali. Ndani kuna namba za mashimo, umbali wa kila shimo, kuna pari, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anategemewa kumaliza nayo shimo hilo (huwa ni 3, 4 au 5, ukijumlisha mashimo yote 18 inakuja kama 70 mpaka 72), kuna kitu kinaitwa indeksi nitakirudia huko chini, halafu viboksi vitupu vya kujaza. Na kuna kipenseli kifupi ambacho mara nyingi hakina hata ufutio, sijui ni kubana matumizi au ni ujumbe. Kadi nyingi zina mstari mwingine wa kuandika na namba zako mwenyewe, ili mkifika mwisho mlinganishe. Ni kama daftari la mkopo la dukani, mwenye duka ndo anaandika deni lako ila mwenye akili anaweka na lake nyumbani.

Sasa kinachohesabiwa ni nini. Kila ukirusha fimbo kwa nia ya kuupiga mpira ni mmoja, hata kama umekosa na mpira umebaki pale pale unakucheka. Ndo maana unamuona mtu anajaribu fimbo hewani pembeni, ile haihesabiwi kwa sababu hakukusudia kuupiga, lakini akisogea akalenga akakosa hiyo imeingia. Halafu kuna mikwaju ya adhabu, na hapa ndo wageni wa mchezo wanapotea kabisa. Chukua shimo la pari 4. Umepiga mpira wa kwanza ukatoka nje ya vigingi vyeupe vya mpaka wa uwanja, ukaishia kwenye vichaka vya jirani. Huo ni 1. Unaongezewa 1 wa adhabu, unakuwa na 2, na unarudi kupiga palepale ulipoanzia, kwahiyo huo unaopiga sasa hivi ni wa 3 ingawa kwa macho ya mtu aliyesimama pembeni ni wa pili. Wa 4 unaingia kwenye grini, zile nyasi fupi zilizonyolewa penye bendera, wa 5 unasukuma unapita pembeni ya tundu, wa 6 unazama. Kwa macho fimbo imegusa mpira mara tano, kwenye kadi inaandikwa 6. Mpira ukipotea mnatafuta dakika 3 tu (zamani zilikuwa 5, wakapunguza mwaka 2019) zikiisha ni mwendo huohuo wa kuongeza mmoja na kurudi nyuma.

Mkitoka kwenye shimo anayekushikia kadi anakuuliza ngapi? unamwambia sita, na yeye alikuwa anaangalia, kama anajua ni saba mnakaa mnazikumbuka moja moja. Hizo sekunde chache za ngapi na sita ndo urefa wenyewe wa gofu, hakuna kingine. Wenye kumbukumbu mbovu kuna vidude vya kubofya, kuna uzi wenye shanga unafungwa kwenye begi, kila ukipiga unashusha shanga moja. Mi naona shanga ni bora, haziishiwi betri.

Mwisho wa mashimo 18 mnakaa, unapewa kadi yako, unaipitia shimo kwa shimo, aliyekuandikia anasaini, na wewe unasaini, inakabidhiwa kwa kamati. Ukishaikabidhi na kuondoka pale imeisha. Na hapa ndo kuna kitu ambacho wengi hata wanaopenda mchezo hawakijui: kujumlisha sio kazi yako. Sheria inasema mchezaji anawajibika kwa namba ya kila shimo tu, jumla ni kazi ya kamati. Unaweza ukaacha kile kiboksi cha jumla kitupu na kadi ikapokelewa vizuri tu, unaweza hata ukajumlisha vibaya ukaandika 75 kumbe 77, wao watarekebisha na hamna atakayekugusa. Ila namba ya shimo moja ikikosewa, ndugu yangu, hapo hakuna cha samahani. Ukiwa umesaini namba kubwa kuliko uliyopiga kweli, inabaki hiyohiyo kubwa. Ukisaini namba ndogo kuliko uliyopiga, kwa kawaida umetolewa kwenye mashindano. Yani kosa la kukuumiza unabaki nalo mwenyewe, kosa la kukufaidisha linakufukuzisha, hata kama umekosea kwa uchovu tu.

Watu wamelia kwa hiyo sheria. Mwaka 1957 kwenye US Women's Open, mashindano makubwa ya wanawake Marekani, pale klabu ya Winged Foot, mwanamama wa Hawaii anaitwa Jackie Pung alimaliza mbele ya wote. Shimo la nne alipiga 6, kadi ikasomeka 5, na yeye akasaini. Cha kuuma zaidi ile jumla iliyoandikwa chini ilikuwa sahihi kabisa, yani hakuna mkwaju hata mmoja aliouiba, lakini kama nilivyosema jumla haihesabiki kuwa ni yako. Akatolewa, kombe likaenda kwa Betsy Rawls. Na aliyekuwa anamshikia kadi, Betty Jameson, naye akatolewa kwa kosa lilelile kwenye shimo lilelile, maana wote wawili walipiga 6 na wote wakaandikiana 5. Wanachama wa ile klabu walichangishana wakampa Pung pesa zilizozidi hata zawadi ya mshindi, sasa hiyo ni huruma, sheria haikusogea.

Halafu kuna ile ya Masters ya 1968, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu Marekani, ambayo watu wa gofu wanaisimulia mpaka leo. Roberto De Vicenzo wa Argentina, bingwa wa The Open, yale mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka mmoja kabla, siku ya mwisho ilikuwa tarehe 14 Aprili na ndo siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 45. Akacheza moto. Shimo la 17 akapiga 3, watu pale uwanjani wameona, tivii imeonesha Marekani nzima. Aliyemshikia kadi, Tommy Aaron, akaandika 4. De Vicenzo kichwa kimevurugika kwa sababu shimo la mwisho aliharibu kidogo, akasaini bila kukagua. Kile alichopiga kilikuwa 65, kadi ikasema 66, na kwa kuwa namba kubwa ndo inabaki, Bob Goalby ambaye wangelingana naye na kurudiana kesho yake akawa bingwa kwa mkwaju mmoja. Mamilioni ya watu walikuwa mashahidi wa ile 3 na haikusaidia kitu. De Vicenzo hakumlaumu mtu, akasema mjinga ni yeye. Na huyo Tommy Aaron aliyeandika vibaya alikuja kuchukua Masters mwenyewe mwaka 1973, na siku ya mwisho Johnny Miller aliyemshikia kadi akamwandikia 5 shimo la 13 wakati alipiga 4, Aaron akaiona kabla ya kusaini. Hapo sina la kuongeza, yeye kama kuna mtu duniani alikuwa anajua kukagua kadi ni yeye.

Usidhani ni mambo ya kale. Februari 2024 kwenye Genesis Invitational huko California, Jordan Spieth, bingwa wa mataji makubwa matatu, alisaini 3 shimo la nne kumbe alipiga 4, akatolewa. Siku hizi kila mkwaju wao unafatiliwa na mitambo, tarakimu zote zipo kwenye kompyuta, lakini saini ndo saini.

Turudi kwenye hesabu yenyewe maana kuna watu wanachanganywa na zile namba za tivii. Unaona mmoja ana namba nyekundu -7, mwingine +2, mwingine kaandikiwa herufi E. Hiyo ni tofauti na pari, nyekundu ni chini ya pari (ndo nzuri), kujumlisha ni juu ya pari, E ni sawasawa. Sababu yake ni rahisi ukiifikiria. Mmoja yuko shimo la 5 kapiga mikwaju 19, mwingine yuko shimo la 16 kapiga 63, nani anaongoza? Kwa jumla huwezi kujua kitu, ila ukisema huyu wa kwanza yuko moja chini na huyu wa pili yuko sawa, hata bibi yangu anaelewa. Frank Chirkinian, aliyekuwa anasimamia matangazo ya gofu kwenye kituo cha tivii cha CBS Marekani, ndo anasifiwa kwa kuleta huo mtindo kwenye tivii. Na wachezaji wenyewe kichwani wanahesabu hivyohivyo, sio 4 na 5 na 3 na 6, wanasema niko nne juu.

Ila hao ni maprofesheno. Watu wa kawaida wa pale Lugalo au Gymkhana ya Dar jumamosi asubuhi wana jambo lingine, hendikapu, yani mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako ili mdogo na mkubwa wa mchezo washindane. Mzee wa miaka 65 hendikapu yake 18, kijana hendikapu yake 5. Mzee kapiga 92, kijana kapiga 78. Hizo ni grosi. Toa hendikapu, mzee anabaki na 74, kijana 73, hizo ni neti, kijana kashinda kwa mmoja tu na mzee kacheza vizuri na anaondoka kifua mbele. Na sio namba ya kujipangia, tangu 2020 dunia nzima wanatumia mfumo mmoja, zinachukuliwa raundi zako 20 za mwisho, zinachaguliwa 8 bora, inapigwa wastani, na haiwezi kuzidi 54. Ile indeksi ya kwenye kadi kazi yake iko hapa, inapanga mashimo kwa ugumu 1 mpaka 18, mwenye hendikapu 5 anapunguziwa mkwaju mmoja kwenye yale mashimo yenye indeksi 1 mpaka 5, mwenye 18 anapunguziwa kila shimo.

Mi mfumo ninaoupenda kuliko yote ni Stableford, na naona ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Kwenye hesabu ya mikwaju ukivurunda shimo moja ukapiga 11 umeshakufa, unatembea masaa matatu yaliyobaki unahuzunika. Daktari mmoja wa upasuaji Muingereza, Frank Stableford, akasema hapana, mwaka 1932 pale Wallasey wakacheza kwa pointi. Ukitoa hendikapu, ukipata pari una 2, ukizidi mmoja una 1, ukiwa mmoja chini una 3, wawili chini una 4, ukizidi wawili au zaidi una sifuri, okota mpira wako nenda shimo lingine. Mwenye pointi nyingi ndo mshindi, kinyume cha kawaida, kwahiyo usishangae ukisikia mtu anafurahia 38 na mwingine ananung'unika 29. Hesabu ya kukumbuka ni 36, yani pointi 2 mara mashimo 18, ukiifikia umecheza kama hendikapu yako inavyosema. Kuna na mtindo wa kushindana shimo kwa shimo watu wawili, huko hata jumla hakuna, anayemaliza shimo kwa mikwaju michache kalichukua, na ukiwa mbele mashimo matatu yamebaki mawili mnapeana mikono mnaenda kunywa soda.

Wakilingana je? Maprofesheno wanaongeza mashimo mpaka mmoja aanguke. Klabuni giza linaingia na watu wana njaa, kwahiyo kamati inachukua kadi mbili inarudi nyuma: nani alipiga michache kwenye mashimo 9 ya mwisho, wakilingana tena 6 ya mwisho, halafu 3, halafu la 18 peke yake. Ndo maana utamkuta mtu ana grosi sawa na mwenzie, kombe limeenda upande wa pili, na anakwambia bila hasira kwamba aliharibia shimo la 14.