Mahakama ya Cottonwood Falls na ukuta usiopatana na saruji

Cottonwood Falls, katika jimbo la Kansas, Marekani, una watu 850 hivi, lakini ndio makao makuu ya Kaunti ya Chase. Msomaji wa Kenya asiwaze kaunti yenye gavana na msafara wa magari: Kansas peke yake ina kaunti 105, na Chase nzima ilihesabiwa watu 2,572 mwaka 2020. Kinachoupa mji hadhi hiyo ni jengo moja la mahakama juu ya barabara ya matofali iitwayo Broadway. Humo ndimo kesi husikilizwa na hati za ardhi huandikishwa.

Lilikamilika mwaka 1873 kwa mchoro wa John G. Haskell, aliyeshughulikia pia makao ya bunge la jimbo kule Topeka. Ndilo kongwe kuliko mahakama zote za kaunti za Kansas zinazotumika hadi leo. Paa lake jekundu ni la mtindo wa Kifaransa, pande zake zimesimama karibu wima. Ndani kuna ngazi ya kuzunguka ya mbao za mjozi mweusi. Wageni hupiga picha ngazi. Mimi ningewaambia watazame ukuta.

Futa jiwe kwa kitambaa kibichi, uinamie karibu. Utaona vipunje vimelala huku na huku, kama mchele uliomwagika kwenye uji. Ni magamba ya viumbe wadogo wa bahari iliyofunika Kansas kabla ya dunia kuwa na dinosau. Jiwe hili la chokaa hunywa maji na kuyatoa. Waashi wa Lamu na Unguja wanaijua tabia hiyo kwa matumbawe.

Ukuta wa namna hii hupumulia kwenye viungio, yaani mianya kati ya jiwe na jiwe. Chokaa ya viungio ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo maji hutokea hapo, na ikichakaa hubadilishwa bila jiwe kudhurika. Ukijaza saruji, umeziba njia. Maji yanarudi ndani ya jiwe, baridi ya Januari inayagandisha, yanatanuka kwa asilimia 9 hivi, na uso wa jiwe unabanduka vipande. Pwani yetu haina barafu, ila chumvi hufanya kazi ileile. Dalili haikosei: kiungio kigumu kimetokeza nje, mawe pembeni yake yameliwa.

Ukitaka kuukarabati ukuta kama huu, kabla ya kushika patasi, panda juu ya paa. Tazama mifereji, na pale bati linapokutana na mnara. Kujaza viungio wakati paa linavuja ni kupoteza chokaa.

Saruji ya zamani itolewe kwa nyundo na patasi nyembamba kuliko kiungio. Grenda ni haraka, lakini mkono ukiteleza mara moja tu kingo za jiwe zimekwenda, nazo hazirudi. Chimba kina cha mara mbili na nusu ya upana: kiungio cha milimita 10 kichimbwe milimita 25. Kina kifupi hufanya ganda ambalo hudondoka baada ya misimu michache. Piga brashi, kisha lowesha hadi jiwe likatae kunywa, bila maji kutuama.

Chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa ni sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Kipimo hiki hakikutoka hewani: nafasi kati ya punje za mchanga ni karibu theluthi ya ujazo wake, na chokaa ndiyo inayozijaza. Mchanga uwe mkali ukiusugua mkononi, wa punje kubwa na ndogo, usio na udongo. Shindilia kwa tabaka za milimita 6 hivi. Tabaka likibonyea kwa kidole kwa shida, weka lingine. Ishia ndani kidogo ya uso wa jiwe.

Kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Chokaa haikauki tu, inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, tena polepole, kutoka nje kwenda ndani. Upepo wa nyanda za Kansas ukiikausha mapema, inabaki unga. Chini ya nyuzi 5 usifanye kazi kabisa. Ningefunga kazi ya nje mwishoni mwa Agosti, kwa sababu chokaa ya Oktoba hukutwa na baridi ikiwa bado na maji tumboni, na Machi utaizoa chini kwa ufagio.