Buku mbili yako haijakodi mlinzi

Jumatatu saa moja asubuhi, chai yenyewe bado iko kwenye chupa, mtu anagonga geti. Dada mmoja jirani, nyumba za nyuma ya msikiti, kashika risiti za hela ya ulinzi kazifunga na raba bendi kama mtu anayeenda benki. "Shikamoo katibu. Usiku wamepita na mtungi wangu wa gesi, na viatu vya mtoto vya shule vilikuwa barazani. Risiti zangu hizi hapa, sidaiwi hata mwezi mmoja. Sasa nimekuja kuuliza, mnanirudishia hela au mnaninunulia mtungi?"

Marahaba mdogo wangu. Nikamwandikia barua aende nayo kituoni akachukue RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nikampa pole, nikanyamaza. Mtu kaibiwa usiku huwezi kumpa mhadhara asubuhi. Ila mwaka huu huyu ni wa nne kuja kwangu na risiti kana kwamba mimi ni bima, so mhadhara nauleta huku.

Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, huku Temeke, mwaka wa saba sasa. Kazi haina mshahara. Ina simu za saa tisa usiku na ina kutukanwa kwenye grupu la wasap, hayo ndo malipo.

Tuanze na hesabu maana watu wanadhani kuna hela mahali imefichwa. Mchango ni shilingi 2,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya ziko zaidi ya 300, zinazolipa kweli kweli ni kama 120, zilizobaki utasikia njoo kesho, baba hayupo, mwenye nyumba atalipa, sisi tunalala ndani ya geti. Mia na ishirini mara elfu mbili ni 240,000. Vijana wa doria wako wanane. Kila mmoja 30,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,000 kwa usiku, na hapo sijatoa betri za tochi wala filimbi wala soda ya siku polisi wakija kukaa nao. Buku kwa usiku mzima! Mlinzi wa getini hata kwa tajiri bahili hakeshi kwa buku. Sasa wewe unataka kwa buku ile kijana wa watu akae mbele ya baraza lako akiangalia mtungi wako mpaka alfajiri, wakati kuna baraza zingine mia tatu?

Lakini hesabu siyo ndo inayoniudhi. Kinachoniudhi ni neno lenyewe. Shirikishi. Watu wanalitamka kila siku na hawalisikii. Ulinzi shirikishi maana yake na wewe umo. Hiyo hela haikuanza kama ada. Mimi nakumbuka nikiwa mdogo, miaka ya tisini mwanzoni, tunaita sungusungu bado, kila nyumba ilikuwa inatoa mwanaume mmoja kwa zamu, baba yangu alikuwa na siku yake, jioni ya siku hiyo anakula mapema, anachukua rungu na koti la mvua hata kama hakuna mvua, anatoka. Ambaye hawezi, kwa mfano anafanya shifti ya usiku bandarini au ni mzee au ni mwanamke anaishi peke yake, ndo anatoa hela kidogo wenzake wanywe kahawa. Yaani hela ilikuwa ni ya KUFIDIA zamu yako. Ikaja ikawa wengi wanaona rahisi kutoa hela kuliko kutoa usingizi, zamu ikafa, hela ikabaki, na kizazi kilichokuja kikakuta hela tu kikadhani inanunua huduma kama king'amuzi, usipoona picha unapiga simu kulalamika.

Na sungusungu yenyewe haikuzaliwa Dar. Ni ya Usukumani na Unyamwezini huko, Shinyanga na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu walichoka na wizi wa ng'ombe na vita ya Kagera ilikuwa imeacha silaha mitaani, wakajipanga wenyewe, mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanaume anatoka. Serikali mwanzo iliwaangalia kwa jicho la pembeni, baadaye mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa wakatambuliwa. Halafu kuanzia 2006 alipoingia mkuu wa polisi, IGP Said Mwema, ndo likaja hili la Polisi Jamii na jina ulinzi shirikishi likashika. Kwenye hatua zote hizo hakuna mahali palipoandikwa mwananchi alipe akalale.

Jingine nalipitia haraka maana nimeshalisema mpaka mate yamekauka. Mjumbe wa nyumba kumi, yaani balozi, siyo serikali. Nyumba kumi ilianzishwa na TANU miaka ya sitini, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 balozi ni kiongozi wa shina la CCM, basi. Serikali huku mjini inaanzia mtaa, kuna mwenyekiti mnamchagua kila miaka mitano (mara ya mwisho Novemba 2024, nadhani nusu yenu hamkwenda) na kuna mtendaji ambaye ni mwajiriwa. Barua ya utambulisho, ugomvi wa mipaka, kusajili mpangaji, njoo ofisi ya mtaa. Kinachochekesha ni kwamba Kenya wao baada ya shambulio la kigaidi la Westgate 2013 walikuja kuchukua Nyumba Kumi yetu wakaifanya mpango wa usalama, wakati sisi wenyewe tukiulizwa ni kitu gani tunaanza kubishana. Na nikiri tu, mimi mwenyewe nikitaka kujua yule kijana mpya anayekaa chumba cha uani ni nani, huwa naenda kwa balozi kabla sijafungua daftari langu, maana balozi anajua mpaka anakula nini na daftari langu lina majina ya wapangaji waliohama zamani. Wenye nyumba hawaleti majina. Anapokea kodi ya miezi sita cash, ukimuuliza mpangaji wako anaitwa nani anakwambia "namwita Baba Mdogo".

Sasa twende kwenye kukamata, hapa nitakaa kidogo.

Kila baada ya tukio lazima atokee mtu wa kuuliza "si mlimshika, mbona hamkumfundisha adabu?" Jamani. Kijana wa doria ana uwezo wa kumkamata mtu anayeiba mbele yake, na wewe pia unao, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa mtu yeyote. Ila ukishakamata unatakiwa umkabidhi polisi bila kuchelewa. Ndo mwisho wa madaraka yako. Hupigi, hupekui nyumba ya mtu, humtozi faini aliyekutwa anatembea saa nane usiku, kutembea usiku siyo kosa, watu wanatoka kazini, wanaenda soko la samaki Feri, wanatoka kuuguza Temeke hospitali. Vijana wangu wawili nimewaondoa kwa sababu ya "hela ya maji" waliyokuwa wanaiomba bodaboda usiku, na nyumbani kwao mpaka leo hawanisalimii vizuri.

Mwaka juzi tulishika kijana na mtungi begani (mitungi jamani, mitungi ndo dhahabu ya uswahilini). Kabla hatujafika barabarani watu wameshajaa, na mnajua gazeti linavyoandika, "wananchi wenye hasira kali", kama vile ni kikundi kilichosajiliwa. Mmoja ameshaleta tairi. Tairi! Saa kumi alfajiri mtu anatoa wapi tairi haraka hivyo? Tukamsukumia ndani ya duka la mangi, mangi naye mtu wa maana akashusha shata, tukakaa nje vijana sita tumeegemea ile shata huku tunarushiwa maneno, "mnalinda wezi", "na nyie mmekula naye", mpaka difenda ya polisi ikafika. Sijawahi kuogopa vile. Na walionitukana niliwatambua, ni watu tunaswali pamoja, na asubuhi yake wakanisalimia kama kawaida.

Sikiliza kilichofuata maana ndo kiini. Mwenye mtungi alipewa mtungi wake, akaambiwa aende kituoni atoe maelezo. Akasema ana kazi. Siku ya pili ana msiba. Ya tatu akasema "mimi si nimeshapata mtungi wangu, nifuate nini?" Kesi bila mlalamikaji na bila shahidi inatembea kwa miguu gani? Kijana akatoka, na nani alikuwa wa kwanza kuandika kwenye grupu "polisi wetu bwana, wanawaachia tu"? Yeye. Mwenye mtungi. Sisemi kituoni hakuna mambo, yapo, nimeyaona na nimenyamaza mengine. Ila kwenye daftari langu kesi nyingi zilizokufa zimefia hapa hapa mtaani kwa mlalamikaji kutokwenda. Na hata akienda, wizi wa kawaida una dhamana, ni haki yake mtuhumiwa, siyo hongo, unyang'anyi wa kutumia silaha ndo hauna dhamana, kwa hiyo ukimwona kesho yake kijiweni anakula mihogo usianze kupaka watu matope kabla hujauliza.

Niseme na yale ambayo kwenye semina hatusemi. Sina uhakika doria inapunguza wizi. Kuna kipindi kama miezi mitatu doria ilikufa kabisa sababu ya ugomvi wa hela, nikategemea balaa, nikaja kuangalia daftari, matukio yalikuwa karibu yale yale. Inawezekana watu waliacha kuripoti kwa sababu hakuna wa kumripotia. Inawezekana pia kwamba tunapopiga filimbi tunamhamishia mwizi mtaa wa pili, na wao wakipiga wanamrudisha kwetu. Katibu mwenzangu wa mtaa wa pili tukikutana tunatania kwamba tunachangia mwizi mmoja, ila utani wenyewe una ukweli ndani. Nilichokiona kwa macho ni taa. Ile njia ya kuelekea machimbo tulipowabana wenye nyumba saba kila mmoja awashe balbu ya nje, uporaji wa simu pale ulikata, bila tochi wala rungu.

Na kingine kinachoninyima raha ni tunawapataje hawa vijana. Ukitangaza kazi ya buku kwa usiku nani anakuja? Anakuja ambaye hana kitu, anayejua vichochoro vyote, anayejua wezi kwa majina. Hicho ndo kinamfanya awe mzuri kwenye kazi na ndo kinanifanya nisilale. 2022 Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, walipoibuka tena hapa mjini tulipata watu wa kujitolea mpaka wengine tunawarudisha, walimu, fundi magari, shehe mmoja, wiki tatu, mambo yalipotulia wakarudi vitandani tukabaki na wanane wetu. Afu wanaoona zaidi siyo hata hao wanane, ni mama wa vitumbua anayewasha jiko saa kumi alfajiri, yeye ndo anajua nani kapita na nini begani. Kwenye kamati yetu hayumo. Nimelileta mara mbili kikaoni, nikaambiwa mambo ya ulinzi ni ya wanaume, na mara ya pili nikanyamaza, hilo kosa ni langu.

Kikao cha mtaa ni Jumapili saa kumi jioni. Mapato na matumizi yatabandikwa ukutani, na kutakuwa na karatasi mbili mezani, moja ya mchango na moja ya zamu, kuandika jina kwenye ya zamu ni bure. Najua ipi itajaa.

Yule dada mtungi haujapatikana. Alikwenda kuchukua RB, hilo nampa, wengi hawaendi. Juzi nimempitia akanionyesha mtungi mpya kaufunga na mnyororo kwenye nondo ya dirisha, na taa ya baraza bado hajaweka, anasema umeme wa luku unakwisha haraka.